Maswali Yote ya Upande wa Kulia

Dukani, 6 Februari

Mpwa wangu,

Nakusalimu kwa niaba ya kila kilichomo humu ndani. Bibi yako ni mzima, anakula vizuri na anagomba vizuri zaidi. Duka ni zima, isipokuwa bawaba ya mlango wa nyuma, ambayo bado inalia vilevile kama ulivyoiacha. Kinyozi wa jirani amenunua kiti kinachozunguka, na wateja wake siku hizi wanatoka wamenyolewa na kizunguzungu juu. Mimi nipo.

Najua ulisubiri simu siku yako ya kuzaliwa. Sheria ya Bibi unaijua: simu ya nyumba hii ni ya msiba na hospitali, mengine yote tuandikiane. Kwa hiyo naandika, nimechelewa, nisamehe.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Picha imetoka! Mabosi zako wameionyesha mashine mpya ya gemu, picha moja tu, na hapa dukani watu hawafanyi kazi tena. Tunajua ni ya kushika mkononi ukiwa njiani na kuichomeka kwenye televisheni ukifika nyumbani, na kwamba ina pedi mbili za pembeni zinazochomoka. Basi. Mengine yote wameyafungia kabatini. Mwalimu wa hesabu ameikuza picha mpaka imebaki vinukta vitupu. Kwenye pedi ya kulia kuna kitufe cha mraba kisicho na alama yoyote. Mwalimu anasema ni cha kupigia picha. Kinyozi anasema ni cha kuongea na mchezaji mwenzako, na yuko tayari kunyoa bure ikiwa amekosea. Ubavuni mwa pedi hiyohiyo kuna kidirisha cheusi, ukubwa wa punje ya mchele. Mimi nadhani kinasoma mwendo, ili uitelezeshe pedi juu ya meza badala ya kuinyanyua.

Nina maswali. Hiyo pedi ya kulia inashikwa na sumaku au inaingia kwenye reli? Ikichomolewa, inaweza kucheza gemu zima peke yake, bila mwenzake? Vitufe vyake mtu anaweza kuvipanga upya, aamue mwenyewe kipi kifanye nini? Na kadi zetu za gemu za zamani zinaingia? Nauliza hilo la mwisho kwa sababu mbio zetu za matrekta hazijaisha. Nyuma ya mlango bado pameandikwa kwa penseli: mimi 411, wewe 409. Ulipoondoka uliapa kwamba hutazeeka kabla ya kunipita.

Wewe unafanya kazi kwenye jengo wanakoijaribu. Nipe hata nusu ya jibu.

Mjomba wako


Bweni la wafanyakazi, 3 Machi

Mjomba, shikamoo. Bibi, shikamoo mara mbili, moja ya leo na moja ya wiki tatu ambazo barua zinalala njiani.

Mimi sijambo. Chumba changu kina dirisha moja, linaloangalia ukuta, na ukuta huo nimeshauzoea. Ninayeishi naye anapima betri. Akirudi jioni ananiambia asilimia zake za uchovu. Kazi yangu ni kuharibu. Naangusha, nabonyeza, nachomeka na kuchomoa mpaka kitu kikate tamaa, halafu naandika kilikata tamaa lini na kwa nini. Ulinifundisha kutengeneza miaka kumi na tano, na sasa naishi kwa kinyume chake.

Kuhusu mashine, Mjomba, nimeweka saini kwenye karatasi ndefu kuliko kanga ya Bibi. Siwezi kusema kitu. Kinyozi mwambie anyoe. Mwalimu mwambie wanafunzi wanamsubiri. Sumaku na reli, hata mlinzi wa getini haambiwi. Kidirisha ni kidirisha. Kadi za zamani ziweke mahali pakavu, kama ulivyonifundisha.

Sasa na mimi nina maswali. Umesema Bibi ni mzima, duka ni zima, wewe ukasema upo. Hata mwavuli upo. Mistari ya barua yako inapanda, umeanza chini ukaishia karibu kugonga kona ya karatasi, na wewe ndiye uliyekuwa ukinichapa vidole kwa mwandiko. Kwenye pembe ya juu kuna alama ya kutu, duara kamili. Halafu maswali yako yote ni ya pedi ya kulia. Ya kushoto imekukosea nini?

Mpwa wako


Dukani, 29 Machi

Mpwa wangu,

Bibi amefurahia shikamoo mbili, anasema ya pili ameiweka akiba. Bawaba nimeipaka mafuta, na sasa inalia kwa sauti nyembamba zaidi. Kinyozi amekwaruzana na kiti chake. Kilizunguka akiwa na wembe mkononi, mteja akaondoka na nusu ya ndevu, akagoma kurudi.

Barua yako nimeisoma mara nne. Kazi ya fundi ni kutafuta waya ulipokatika, nami nimepaona. Katika ukoo huu hatuandikiani uongo. Tusichotaka kukisema tunakiruka. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa hivyo, na wewe ni yeye mtupu. Haya tazama. Sumaku umeitania. Kidirisha umekitania. Kadi umenipa nasaha. Lakini swali la pedi ya kulia kucheza peke yake, na lile la kupanga upya vitufe, umeyapita kimyakimya kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai wake. Nimekuelewa. Ahsante sana, mwanangu.

Nimeandika kwenye kadibodi na kuibandika ukutani, juu ya kaunta: PEDI YA KULIA ITAJITOSHELEZA. Mwalimu amebisha mpaka sauti imemkauka. Nimemwambia nina habari kutoka jikoni.

Nina furaha ambayo sijawa nayo tangu mwaka uanze.

Mjomba wako

(Nyuma ya karatasi, kwa herufi kubwa)

MJUKUU WANGU, BAHASHA NIMEIFUNGUA YEYE AKIWA KWA KINYOZI. MKONO WAKE WA KUSHOTO UMEKUFA KWA KIHARUSI TANGU JANUARI. KUCHA ZAKE NAKATA MIMI. MIMI NI BIBI YAKO.


Bweni, 30 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Leo salamu ni hiyo tu. Bibi nitamwandikia yake.

Kwanza, hiyo kadibodi ing'oe kabla hujamaliza kusoma barua hii. Mtu mmoja akiipiga picha na kuitupa mtandaoni, na mwingine akauliza mwenye duka ana mpwa wapi, mimi nimekwisha. Sikukupa habari yoyote kutoka jikoni. Niliruka maswali mawili kwa sababu siruhusiwi kuyagusa, na mengine nikayatania kwa sababu nilikuwa na hamu ya kukuchekesha. Kuruka si kukubali. Wewe uliruka afya yako barua nzima. Na hiyo ilimaanisha jibu zuri?

Pili. Kiharusi, Januari. Na simu imekaa pale juu ya meza ya Bibi, imefunikwa kitambaa, kwa ajili ya msiba na hospitali. Hiyo ilikuwa nini, Mjomba, kama si hospitali? Nimelia kazini, mbele ya mashine ya kubonyezea vitufe, na mwenzangu akadhani nimebanwa kidole. Nimekasirika, na hasira yangu bado haijaisha, kwa hiyo usinitumie vichekesho vya kinyozi mpaka nikupe ruhusa.

Sasa sikiliza. Sitakuambia mashine ina nini wala haina nini, leo wala kesho. Wewe ndiye utakayeniambia mimi. Niandikie siku yako nzima, tangu unapoamka: mkono mmoja unafanyaje kila kitu, wapi unakwama, wapi unatumia meno, wapi goti. Na uandike unavyocheza kwenye mashine yetu ya zamani, kitufe kwa kitufe. Usione haya, usiruke hata mstari mmoja. Wala usiniulize ni ya nini.

Mpwa wako


Dukani, 2 Juni

Mwanangu,

Kadibodi nimeing'oa. Nimemwambia mwalimu kwamba habari zangu zilikuwa za kujitungia, na amecheka mpaka leo. Acha acheke.

Ilikuwa tarehe kumi na tisa Januari, saa tatu asubuhi. Nilikuwa nalehemu waya wa pedi. Nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikatafuta kwenye soketi, nikatafuta kwenye transfoma, nikainua kitambaa cha meza. Kilichokuwa kinaungua ni kidole changu. Siku tisa nilikuwa hospitalini. Bibi alinyanyua simu mara mbili, na mara zote mbili nilimsihi airudishe. Ungepanda ndege, na ulikuwa na miezi miwili tu kazini. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni kwamba nilitaka abaki mtu mmoja duniani anayenijua kama mtu wa mikono miwili. Ndiyo hivyo, nimesema.

Siku yangu, basi. Dawa ya meno nafungua kwa meno, nacheka kila siku. Vifungo vya shati nafunga vitatu vya chini, vya juu anamalizia Bibi, na kola ananibana makusudi. Kiatu nimetoa kamba. Mkate nauegemeza ukutani ndipo naukata. Kazini, kila kifaa nakibana kwanza kwenye jiliwa la mezani, na kazi ya nusu saa imekuwa ya saa moja na nusu, lakini inatoka safi, hakuna iliyorudi. Karatasi hii imeshikwa na mkebe wa skrubu, ndiyo maana inateleza na mistari inapanda. Hilo duara la kutu ndilo mkono wangu wa kushoto siku hizi.

Mashine yetu ya zamani. Kucheza si tatizo kubwa kama unavyodhani. Trekta linahitaji usukani na mafuta, na vidole vitano ni vingi. Tatizo ni mlangoni. Kila ukiiwasha inaandika: "Bonyeza kitufe cha juu kushoto na cha juu kulia kwa pamoja." Kwa pamoja! Nimejaribu kwa kidevu. Nimejaribu kwa goti, pedi ikaruka ikavunjika. Nimeibana kwenye jiliwa, ya pili ikapasuka. Kinyozi alijitolea awe ananibonyezea kila asubuhi, nikamwambia arudi kwenye kiti chake. Sitaki kufunguliwa mlango kila siku kama mgeni ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Tangu Januari sijavuka ile skrini ya kwanza.

Nilipoona ile picha, nilichotafuta ni hicho tu: mashine ambayo nitaiwasha mwenyewe. Sasa unajua, na mimi nimechoka kuandika. Ila usidhani nimekata tamaa. Nachonga kibao chenye kigingi, na nitakichonga mpaka kikubali.

Mjomba wako


Bweni, 4 Agosti

Mjomba, shikamoo, na Bibi, ile shikamoo ya akiba ongezea hii.

Mwenzangu wa betri amehamia chumba kingine, nimebaki na ukuta wangu. Nimehamishwa meza. Nilikuwa karibu na dirisha, sasa nimewekwa karibu na mlango wa stoo. Usiulize.

Yale ninayoweza kukuandikia ni ya kwangu mimi, siyo ya mashine. Barua yako ya Juni nimeisoma kwa sauti, mahali fulani, mbele ya watu tisa. Mmoja wao baadaye aliniambia kwa upole kwamba watu wa namna hiyo ni wachache mno kupangiwa kazi ya wiki tatu. Nikamwambia mmoja wao ndiye aliyenilea.

Tangu hapo kuna karatasi inayorudishwa mezani kwangu kila Jumatatu, nami kila Jumanne naipeleka tena. Imefika mara ya sita. Wameniita mkaidi. Nimewaambia ni ugonjwa wa ukoo.

Hasira yangu imepoa. Kinyozi anaruhusiwa kurudi kwenye barua.

Mpwa wako


Dukani, 20 Septemba

Mwanangu,

Nimekaa na barua yako karibu mwezi, na mara tatu nimeanza kukuandikia uache. Usipoteze kazi kwa ajili ya mkono wangu, niliandika. Bibi akaisoma akichungulia begani kwangu, akaichukua, akawashia jiko. Akasema hakulea watu wa kurudi nyuma Jumatatu. Basi nimenyamaza, na kunyamaza kwangu usikupe tafsiri.

Jana wameionyesha mashine yote. Tulikuwa kumi na wawili mbele ya televisheni ya duka, na kinyozi alifunga kazi mapema. Kitufe cha mraba, unajua ni cha nini? Bila shaka unajua. Kinaifanya pedi ya pili ipige mluzi ukiwa umeisahau chini ya kochi. Miezi saba tumebishana kwa ajili ya mluzi! Kinyozi amemnyoa mwalimu bure, tena kwa uchungu. Na kidirisha changu cheusi ni taa ya chaji. Sumaku ilikuwa kweli, lakini hakuna aliyekuwa amebisha sana kuhusu sumaku.

Maonyesho yalichukua dakika arobaini na saba. Nilizitazama zote bila kupepesa. Walionyesha rangi, walionyesha mkoba wa kubebea. Kuhusu mkono mmoja hakuna aliyesema neno. Watu walipotoka nilibaki nimekaa, na sikudanganyi, niliumia.

Leo asubuhi nimeamka nikapiga moyo konde. Nimemaliza kibao changu. Kina kigingi cha kushoto kinachobonyezwa kwa goti, na spring niliyoitoa kwenye kiti cha kinyozi, naye bado hajajua. Mashine nitainunua siku ileile itakapofika, na ile skrini ya kwanza nitaivuka hata kwa paji la uso. Wewe karatasi yako ya Jumanne imefika mara ya ngapi?

Mjomba wako


Bweni, 14 Oktoba

Mjomba, shikamoo. Bibi, shikamoo, na ahsante kwa jiko.

Bado nipo karibu na stoo. Mkataba wangu unaisha Desemba. Wenzangu wameitwa mmoja mmoja kusaini mwingine, mimi sijaitwa. Sijutii, nakwambia kweli, na sijui kama ningesema hivyo mwaka jana.

Umeuliza karatasi imefika mara ya ngapi. Hapa naruka, na naruka kwa makusudi, na safari hii usibandike chochote ukutani.

Nina ombi moja. Siku utakayoipata, usimruhusu mtu yeyote akuwashie. Hata Bibi. Iwashe wewe.

Kiti cha kinyozi mrudishie spring yake kabla hajaangusha mtu.

Mpwa wako


Dukani, 30 Novemba

Mwanangu mkaidi,

Spring nimemrudishia. Ilibidi nimweleze ilikokuwa, na hajanisemesha siku mbili, ambazo zimekuwa siku tulivu sana.

Naandika kwa haraka ingawa mengi umeshayasikia, maana kwa simu mtu hasemi sawasawa. Mashine ilifika Alhamisi. Nilifunga duka saa kumi, nikamtuma Bibi akakae uani, akakataa, akakaa mlangoni akijifanya anachambua mboga. Nikaweka kibao changu mezani. Nikaweka jiliwa. Nikakunja suruali kwa ajili ya goti. Nikaiwasha.

Skrini ikawa nyeupe, ikaandika: "Bonyeza kitufe chochote." Kimoja, mwanangu! Nikabonyeza. Ikauliza: "Unacheza kwa mkono wa kulia, wa kushoto, au yote miwili?" Nikakaa mbele ya swali lile kama mtu aliyeitwa kwa jina katika mji wa ugenini. Kwenye maonyesho hawakulisema, kwenye boksi hawakuliandika, lakini lipo, la kwanza kabisa, kabla hata ya kukuuliza lugha. Nililia, na hilo kinyozi asilijue. Bibi alikuja na mboga zake mkononi, akasoma, akaniambia, "Si ujibu, wewe! Unaulizwa."

Nikajibu. Ya kulia.

Aliyeliandika swali lile sikuulizi. Ile karatasi yako ndefu uliiwekea saini, nami naiheshimu. Ila nimeangalia vizuri pale skrini ilipo nyeupe, na namjua.

Ndipo nikafunua kitambaa cha simu. Ulipopokea ulipiga kelele, "Bibi amepatwa na nini?" na ilinibidi nikueleze kwanza kwamba hakuna aliyekufa wala kulazwa, kwamba kadi za zamani zinaingia, na nataka tu uwashe yako, uweke kadi yako ya matrekta, tushindane kwa mtandao. Nisamehe kwa kukutia hofu. Katika nyumba hii simu haijawahi kuleta neno jema, hata mimi niliiogopa nilipokuwa naipiga.

Mizunguko mitatu ya mwanzo nilidhani utanionea huruma. Nilikuwa nimeshajiapiza kwamba ukiniachia, nakata. Kwenye kona ya ghala ukanisukuma mtaroni bila aibu yoyote, ukapita ukicheka kama ulivyokuwa ukicheka ukiwa na umri wa miaka tisa. Sijawahi kushukuru kushindwa kiasi kile.

Mkataba wakikupa, saini. Wasipokupa, meza ya dirishani hapa dukani ni yako, na dirisha lake linaangalia barabara, siyo ukuta.

Nyuma ya mlango nimeandika: mimi 411, wewe 410. Tangu Januari sikuwa nimegusa ile penseli. Bibi alisimama pembeni kuhakikisha sijaiba, kisha akatangaza kwamba amerekebisha sheria yake: simu ya nyumba hii ni ya msiba, ya hospitali na ya matrekta.

Kwa hiyo kila Jumapili saa kumi na mbili jioni simu yako itakapolia, usishtuke.

Mjomba wako